Kauli Walizosingiziwa Waasisi wa Marekani

Wamarekani wamezozana kwa vizazi juu ya swali moja: je, taifa lao liliasisiwa juu ya Ukristo, au liliasisiwa bila ya kufungamana na dini yoyote? Swali hilo halikubaki kwa wanahistoria peke yao. Huingia mahakamani, katika mabaraza yanayopanga mitaala ya shule, na katika kampeni za uchaguzi. Na kwa kuwa kila upande unataka ushahidi wa waasisi, kila upande umebeba maneno ambayo waasisi hao hawakuyatamka.

Mjadala huo unatuhusu pia sisi Waislamu, kwani katika baadhi ya hati zake kubwa tumetajwa kwa jina.

Kauli zisizo na asili

Patrick Henry, aliyekuwa gavana wa Virginia wakati wa vita vya uhuru, hunukuliwa akisisitiza kwamba taifa hilo kubwa liliasisiwa na Wakristo. Watafiti hawakuyakuta maneno hayo katika barua wala hotuba zake. Asili yake ni jarida moja la Virginia la mwaka 1956, nayo yalikuwa maelezo ya mwandishi wa jarida hilo. Henry alikuwa amekwisha fariki tangu mwaka 1799.

George Washington naye husingiziwa kauli kwamba ulimwengu hauwezi kutawaliwa sawasawa bila ya Mungu na Biblia. Wahifadhi wa nyumba yake ya Mount Vernon wameihesabu miongoni mwa kauli zisizo zake. Hali ni hiyo hiyo kwa maneno anayopewa James Madison, kwamba mustakabali wa taifa umewekwa juu ya Amri Kumi. Hayamo katika maandishi yake yanayojulikana.

David Barton wa Texas, mtetezi mashuhuri wa hoja ya taifa la Kikristo, mwenyewe alitoa katika miaka ya 1990 orodha ya kauli ambazo hazikuweza kuthibitishwa. Hata hivyo, mwaka 2012 mchapishaji wa kitabu chake kuhusu Thomas Jefferson alikiondoa sokoni baada ya wanazuoni, wakiwemo Wakristo, kuonesha makosa yaliyomo.

Upande wa pili nao haukusalimika

Wanaotaka kuonesha kwamba waasisi waliichukia dini hupenda kumnukuu John Adams akisema kwamba dunia ingekuwa bora kuliko zote lau isingekuwa na dini. Maneno hayo yamo katika barua aliyomwandikia Jefferson mwezi Aprili mwaka 1817. Lakini Adams alikuwa akieleza wazo lililomjia mara nyingi alipokuwa akisoma habari za ugomvi wa kidini, na papo hapo akalipinga: bila ya dini, alisema, dunia hii isingefaa hata kutajwa mbele ya watu wenye adabu. Ukikata nusu ya pili, umemgeuza Adams kuwa mpinzani wa jambo alilolitetea.

Msomaji wa Qur'ani anaijua hatari hii. Anayesoma aya ya nne ya Suratul-Maun akasimama hapo, atadhani wanaoswali ndio walioahidiwa adhabu. Aya zinazofuata ndizo zinazobainisha ni waswali gani wanaokusudiwa.

Mkataba wa Tripoli

Hati inayotuhusu zaidi ni mkataba wa amani baina ya Marekani na Tripoli, uliotiwa saini huko Tripoli mwezi Novemba mwaka 1796. Kifungu chake cha 11 kinatamka kwamba serikali ya Marekani haikuasisiwa kwa namna yoyote juu ya dini ya Kikristo, na kwamba haina uadui na sheria wala dini ya Waislamu. Baraza la Seneti liliupitisha kwa kauli moja tarehe 7 Juni 1797, na Rais John Adams akautia saini siku tatu baadaye.

Wengi humnasibishia Washington maneno hayo, kwa kuwa mazungumzo yalifanyika katika zama zake. Si yake. Zaidi ya hayo, mwaka 1930 mtaalamu wa Kiholanzi, Snouck Hurgronje, aliikagua nakala ya Kiarabu na kukuta kwamba kifungu cha 11 hakimo. Kimo katika tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na Joel Barlow, mwakilishi wa Marekani mjini Algiers. Jambo hilo haliifuti hati, kwani tafsiri hiyo ndiyo iliyosomwa na kuidhinishwa na Seneti. Lakini mwadilifu hueleza yote mawili.

Yaliyothibiti yanatosha

Ukweli una mengi ya kusema bila ya kuongezewa. Katiba ya mwaka 1787 inakataza dini kuwa sharti la kushika wadhifa wa umma. Mwaka 1788, katika mkutano wa Hillsborough, North Carolina, wajumbe walibishana kama Mwislamu angeweza kuwa rais, na James Iredell akasimama kuitetea Katiba. Jefferson alinunua tafsiri ya Qur'ani ya George Sale mwaka 1765, na mwaka 2007 mbunge Keith Ellison aliapa akiitumia nakala hiyo. Wakati wajumbe wakimjadili Mwislamu wa kufikirika, Waislamu halisi kutoka Afrika walikuwa watumwa katika mashamba ya nchi hiyo hiyo, nao hawakuulizwa lolote.

Wajibu wa wazazi

Umma huu ulijifunza mapema kuuliza mapokezi: nani kasema, kapokea kwa nani, na imeandikwa wapi? Hata hivyo nasi tunazo zetu. Kauli mashuhuri kwamba kuipenda nchi ni katika imani huhubiriwa kama Hadithi, ilhali as-Saghani aliihesabu kuwa ya kuzushwa, na as-Sakhawi alisema hakuiona asili yake, ingawa maana yake aliikubali. Maana nzuri haitoshi kumnasibishia Mtume (SAW) neno asilolisema.

Basi mtoto akileta nyumbani kauli ya mtu mkubwa kutoka katika simu, tusimkemee. Tumuulize maswali manne: Ilisemwa lini? Iko katika barua au hotuba ipi? Kabla na baada yake pana maneno gani? Na ni nani aliyeinukuu kwanza? Swali la nne huumbua uongo mwingi. Na maswali hayo tuyaulize kwa ukali zaidi pale kauli inapotufurahisha, kwani hapo ndipo mtu husahau kuhakikisha.