Mpiga Dramu Aliyefunikwa na Sauti Yake Mwenyewe

Kwa wengi wetu tuliolelewa na redio za Afrika Mashariki, Phil Collins ni mwimbaji. Ni "Against All Odds" usiku wa manane, ni "Another Day in Paradise", ni nyimbo za filamu ya Tarzan ya 1999, ambazo mmoja wake ulimpa tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Ukimwambia mtu wa nyumbani kwamba huyu ni mmoja wa wapiga dramu bora kuwahi kutoka Uingereza, atadhani unamtania. Na hata huku Uingereza si wote wanaokubali. Watu wakianza kuhesabu magwiji wa roki ya miaka ya 1970, wanaanza na John Bonham wa Led Zeppelin, Keith Moon wa The Who, Ginger Baker, Bill Bruford, halafu wanavuka bahari hadi Canada kwa Neil Peart wa Rush. Collins hukumbukwa mwishoni, kama anakumbukwa. Naona hapo pana dhuluma, na dhuluma hiyo ina historia yake.

Alizaliwa magharibi mwa London mwaka 1951. Alipokuwa na miaka mitano wajomba zake walimtengenezea seti ndogo ya dramu, na tangu hapo hakuiacha kazi hiyo. Akiwa na miaka 13 aliigiza katika tamthilia ya muziki ya Oliver! kwenye kumbi kubwa za London, lakini uigizaji haukumteka. Mwaka 1970, akiwa na miaka 19, aliona tangazo katika gazeti la Melody Maker: bendi fulani ilikuwa inatafuta mpiga dramu. Bendi hiyo ilikuwa Genesis, kundi la vijana waliojuana katika shule ya bweni ya Charterhouse, wana wa familia zenye uwezo, ambao tayari walikuwa wamepitia wapiga dramu watatu. Majaribio yalifanyika nyumbani kwa wazazi wa Peter Gabriel, mwimbaji wao. Collins alifika mapema, akaambiwa aogelee kwenye bwawa huku akingoja zamu yake. Aliogelea, lakini masikio yalikuwa ndani ya nyumba. Zamu yake ilipofika alikuwa ameshazikariri zile nyimbo kwa kuwasikiliza waliomtangulia.

Genesis walikuwa wakipiga kile kinachoitwa roki ya progresivu: nyimbo ndefu zenye sura nyingi, zinazobadilisha mwendo katikati, zilizoazima mengi kutoka muziki wa kiklasiki wa Ulaya. Hatari ya muziki wa namna hii ni kugeuka hesabu. Mpiga dramu anaweza kuhesabu sawasawa kila pigo na bado msikilizaji asitikise hata kidole. Collins alikuja na dawa ya ugonjwa huo, nayo ilikuwa mapenzi yake kwa soul ya Marekani, hasa ile ya Motown kutoka Detroit. Wenzake walitunga mitego, yeye akaifanya ichezeke. Kwangu hii ndiyo siri yake yote.

Chukua "Supper's Ready", wimbo wa karibu dakika 23 unaofunga albamu ya Foxtrot ya 1972. Kuelekea mwisho kuna sehemu inayokwenda kwa mapigo tisa. Sikio lililozoea chakacha haliogopi sita, maana sita inajigawa yenyewe na kiuno kinaifuata bila kuulizwa. Tisa ya Genesis haijigawi hivyo. Inakwenda tatu, mbili, nne, kisha inaanza upya, na kila inapoanza mguu wako unakuta umetangulia au umechelewa. Juu yake Tony Banks anapiga kinanda kana kwamba mapigo hayo hayamhusu. Collins ana kazi mbili kwa wakati mmoja: ashikane na besi ya Mike Rutherford ile tisa isivunjike, na amjibu Banks kila anaposisitiza sauti fulani. Anafanya yote mawili, na muziki unazidi kupanda. Nimeisikiliza sehemu hiyo tangu ujana wangu, na mpaka leo nikifika pale hujikuta nimeacha nilichokuwa nafanya.

Mwaka uliofuata, kwenye Selling England by the Pound, walitoa "The Cinema Show". Nusu yake ya pili inaongozwa na kinanda, kwa mapigo saba, na inateleza kama maji. Kisha kuna "Turn It On Again" ya 1980, wimbo uliopigwa sana redioni na kuchezwa kwenye kumbi za starehe. Mzunguko wake una mapigo 13. Wachezaji hawakujua, na hawakuhitaji kujua.

Jambo jingine linaloonekana ukitazama picha za zamani: Collins anatumia mkono wa kushoto, na seti yake imepangwa kinyume na ilivyozoeleka, haihati ikiwa kulia. Nje ya Genesis alipiga jazi nzito na kundi la Brand X, na alialikwa na mwanamuziki Brian Eno kwenye albamu ya Another Green World ya 1975. Huo haukuwa mwaliko wa kumsaidia kijana anayetafuta jina. Eno alitaka wanamuziki wenye masikio.

Mwaka huohuo wa 1975 Gabriel akaondoka. Genesis walisikiliza waimbaji wengi, hawakuridhika na yeyote, na mwishowe kipaza sauti kikamwangukia mpiga dramu wao. Albamu ya A Trick of the Tail ilipotoka mwanzoni mwa 1976, sauti ya mbele ilikuwa ya Collins. Hapo ndipo kufunikwa kulipoanza. Studioni aliendelea kupiga, lakini jukwaani mtu hawezi kuwa mbele ya umati na nyuma ya dramu kwa wakati mmoja. Kwa ziara ya 1976 walimchukua Bill Bruford, aliyekuwa amepitia Yes na King Crimson. Kuanzia 1977 akaja Chester Thompson, mzaliwa wa Baltimore.

Lazima nisimame kidogo kwa Thompson, kwa sababu yeye naye hasifiwi inavyostahili. Alikuwa amepiga na Frank Zappa na pia na Weather Report kabla ya kufika Genesis. Collins alimwita baada ya kumsikia kwenye albamu ya Zappa ya 1974, Roxy & Elsewhere, ambako wapiga dramu wawili wanaporomosha mapigo pamoja kama mwili mmoja. Genesis walilipeleka poromoko hilo jukwaani, kwenye wimbo wa "Afterglow". Kila usiku Collins angeacha kipaza sauti, arudi nyuma, na wawili hao wangepiga kwa kujibizana. Katika ziara ya 2007 walianza majibizano yao kwa kupiga viti virefu vya baa kwa vijiti, kisha wakahamia kwenye dramu. Thompson alibaki na Collins na Genesis kwa miaka mingi, na hakuwahi kuhesabiwa mwanachama kamili wa Genesis.

Sasa tufike kwenye ile sauti ya dramu iliyokuja kuigwa kila mahali. Mwaka 1979 Gabriel alikuwa anarekodi albamu yake ya tatu katika studio za Townhouse, Goldhawk Road, magharibi mwa London. Aliweka sharti gumu: hakuna matoazi. Kwa mpiga dramu wa roki, kunyimwa matoazi ni kunyimwa nusu ya sentensi zake. Collins alikubali. Mhandisi wa sauti alikuwa Hugh Padgham na mtayarishaji Steve Lillywhite. Chumba kimoja pale kilikuwa na kuta za mawe, na humo kulitundikwa kipaza sauti ambacho hakikuwa cha kurekodia. Kazi yake ilikuwa kumwezesha mhandisi kumsikia mwanamuziki aliye upande wa pili wa kioo. Kwa hiyo kilifungwa kwenye kompresa kali, kifaa kinachokandamiza sauti kubwa na kuinua ndogo, ili hata mnong'ono ufike. Padgham alifungua kipaza sauti hicho huku Collins akiendelea kupiga. Mngurumo uliotoka ulikuwa mkubwa kuliko dramu yoyote waliyowahi kusikia.

Waliunganisha nyaya upya ili sauti hiyo irekodiwe, wakaongeza kifaa kinachoitwa geti, ambacho hukata sauti ghafla inaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa. Kwa kawaida mwangwi mkubwa hufifia taratibu. Huu unajaa chumba kizima kisha unakatwa kama kwa panga. Collins alianza kuurekebisha upigaji wake kwa kifaa hicho, akiacha nafasi kati ya pigo na pigo ili ukimya nao usikike. Hilo ndilo ninalotaka watu walione: mashine peke yake haikutosha, ilihitaji mtu mwenye subira ya kupiga machache. Matokeo ya kwanza ni "Intruder", wimbo unaofungua albamu iliyotoka 1980, albamu ileile inayofungwa na "Biko", wimbo kuhusu Steve Biko aliyefia mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini mwaka 1977.

Collins aliibeba sauti hiyo, na Padgham pia, hadi kwenye albamu yake mwenyewe ya Face Value. "In the Air Tonight" ilitoka Januari 1981. Ndoa yake ya kwanza ilikuwa imevunjika, na wimbo ulianza nyumbani kwake kwa kinanda na mashine ndogo ya mapigo ya Roland. Kwa zaidi ya dakika tatu na nusu dramu halisi haipo. Kisha inaingia kwa mporomoko mmoja ambao leo hata asiyejua Kiingereza anauiga kwa mikono hewani. Ahmet Ertegun, mkuu wa kampuni ya Atlantic huko Marekani, hakuamini kwamba wasikilizaji wangengoja muda wote huo, kwa hiyo toleo la santuri ndogo liliongezewa dramu tangu mapema. Mimi naliona toleo hilo kuwa kasoro. Kungoja kule ndiko wimbo wenyewe.

Baada ya hapo kila studio ilitaka dramu za namna hiyo, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa kila mahali. Watu walipochoka nazo, walimchoka na aliyezianzisha. Alisikika mno na kuonekana mno, na wachambuzi waliacha kumsikiliza. Wanamuziki hawakuacha. Bonham alipofariki mwaka 1980, Led Zeppelin ilivunjika. Mwimbaji wake, Robert Plant, alipoanza safari yake peke yake, sehemu kubwa ya dramu kwenye albamu zake mbili za kwanza, za 1982 na 1983, alimpa Collins. Mtu aliyeimba mbele ya Bonham kwa zaidi ya miaka kumi hachagui mpiga dramu ovyo. Baadaye Taylor Hawkins, mpiga dramu wa Foo Fighters, alikuwa akimtaja Collins waziwazi kama mmoja wa mashujaa wake.

Kuna kisa kimoja kinachotugusa sisi wa ukanda wetu. Julai 1982 Gabriel na wenzake walianzisha tamasha la WOMAD huko Shepton Mallet, Uingereza. Miongoni mwa waliopanda jukwaani walikuwa Wapiga Ngoma wa Burundi, na Waingereza wengi waliona kwa mara ya kwanza ngoma zile kubwa za magogo zikibebwa kichwani na kupigwa na wanaume waliozizunguka nusu duara. Tamasha lilipendwa, lakini lilipata hasara kubwa. Ili kulipa madeni, Genesis waliungana na Gabriel kwa usiku mmoja tu, tarehe 2 Oktoba 1982, huko Milton Keynes, kwenye mvua. Collins alikaa nyuma ya dramu zake tena, Thompson akiwa pembeni. WOMAD ikaokoka, na ipo hadi leo.

Mwaka 2007 mifupa ya shingo ya Collins iliumia, na baada ya upasuaji wa 2009 vidole vilipoteza hisia. Kwa albamu ya Going Back ya 2010, ya nyimbo za Motown alizozipenda tangu utotoni, alilazimika kufunga vijiti mikononi kwa utepe ili aweze kupiga. Genesis walipofanya ziara yao ya mwisho, aliimba akiwa amekaa kwenye kiti, na dramu zilipigwa na mwanawe Nic. Onyesho la mwisho lilikuwa London, tarehe 26 Machi 2022. Hawkins alikuwa amefariki siku moja kabla yake, huko Bogotá.

Anayetaka kuanza kumsikiliza Collins mpiga dramu, asianze na nyimbo za redio. Atafute Seconds Out, albamu ya maonyesho ya Paris iliyotoka 1977, na aende moja kwa moja kwenye "The Cinema Show". Nyimbo nyingine za albamu hiyo ni za mwaka ambao Thompson alikuwa ameshaingia, lakini huo ulirekodiwa mwaka 1976. Uimbaji unapoisha Collins anarudi kwenye dramu, na sehemu ya mapigo saba anaipiga pamoja na Bill Bruford.