Ubongo Darasani Namboboto

Januari 2026 Kenya ilipokea ngazi mpya ya masomo: gredi ya 10, ambapo mwanafunzi huchagua masomo matatu ya kumfaa. Saikolojia haimo katika orodha ya masomo ya kuchagua. Hivyo ubongo husomwa ndani ya baiolojia, na kwa mtoto wa Namboboto, Samia, katika kaunti ya Busia, mada hiyo inamhusu moja kwa moja.

Busia imo katika ukanda wa malaria wa kando ya ziwa. Vimelea vya malaria aina ya falsiparumu vikishaingia kwenye chembe nyekundu za damu, chembe hizo hunata kwenye mishipa myembamba ya ubongo na kuziba njia. Mtoto hutetemeka, macho yakageuka juu, kisha akazimia. Wazee wengi wameita hali hiyo degedege na kuisingizia mashetani, na muda wa kumkimbiza zahanati ukapotea. Wanaopona, baadhi yao hubaki na kifafa au ugumu wa kukumbuka masomo.

Hapo ndipo baiolojia inapostahili kufundishwa kwa mifano ya nyumbani. Mwanafunzi anayeijua njia hiyo ya ugonjwa atamweleza mamake kwa nini chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2019, Busia ikiwemo, isikoswe hata dozi moja.