Dogo haoni mpira wa mbali? Zipo lenzi za kulala nazo

ROTTERDAM, Septemba 9, 1970. Feyenoord ya Uholanzi inakipiga na Estudiantes ya Argentina katika mechi ya marudiano ya Kombe la Mabara. Ile ya kwanza kule Buenos Aires iliisha kwa sare ya mabao 2-2. Kipindi cha pili, beki aliyetokea benchi, Joop van Daele, anaachia shuti la mbali na kufunga bao pekee la mchezo.

Van Daele alikuwa anacheza na miwani usoni. Wapinzani wakaja juu, miwani ikanyakuliwa na kuvunjwa palepale uwanjani. Haikusaidia kitu, kombe likabaki Rotterdam.

Huyo alikuwa mtu mzima, mchezaji wa timu iliyokuwa bingwa wa Ulaya. Vipi kuhusu dogo wa miaka tisa asiyeona mbali, ambaye hana hata hiyo miwani ya kuvunjwa? Mara nyingi ataambiwa ni mzito, mwoga wa mipira ya juu, hasomi mchezo. Atasugua benchi mpaka achoke, kisha ataacha mpira. Kumbe kipaji kipo, tatizo ni macho.

MPIRA UNAOGEUKA WA RAGA

Tatizo lenyewe linaitwa maiopia. Mtoto anaona vizuri vitu vya karibu, vya mbali vinakuwa na ukungu. Jicho la mtu mzima lina urefu wa takriban milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Kwa mwenye maiopia, mara nyingi jicho limerefuka kupita kiasi, kama mpira wa miguu uliobonywa ukakaribia kufanana na wa raga. Picha inaishia mbele ya retina badala ya kutua juu yake.

Mtoto ambaye miwani yake ni ya hasi 2, akiivua anaona sawasawa mpaka nusu mita tu. Nukta ya penalti iko mita 11 kutoka golini. Hapo hujazungumzia krosi inayotoka pembeni kabisa mwa uwanja.

Ubaya ni kwamba jicho huendelea kurefuka kadri mtoto anavyokua. Miwani ya kawaida inasafisha picha, lakini haizuii jicho kurefuka. Namba ikipanda sana, ukubwani hatari ya retina kuachia au kupata glakoma inaongezeka. Hapo suala si namba kikosini tena, ni uwezo wa kuona.

LENZI USIKU, MECHI MCHANA

Ndipo inapoingia njia inayoitwa othokeratolojia. Mashine inachora ramani ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kisha inatengenezwa lenzi ngumu inayopitisha hewa kwa vipimo vya mtoto huyohuyo.

Dogo anaivaa anapokwenda kulala. Usiku kucha lenzi inasawazisha taratibu sehemu ya katikati ya konea. Asubuhi anaivua, anakwenda shule, jioni yuko mazoezini akiwa hana kitu usoni. Anapiga vichwa, anateleza, anagongana na mabeki, na hakuna cha kuvunjika wala kudondoka kwenye vumbi.

Huu si upasuaji. Akiacha kuvaa, konea inarudi ilivyokuwa na ukungu unarudi nao. Marekani iliruhusu lenzi za aina hii kuvaliwa usiku mwaka 2002.

Kilichowashtua wengi ni matokeo ya Hong Kong, yaliyochapishwa mwaka 2012. Watoto wa miaka 6 hadi 10 walifuatiliwa kwa miaka miwili, wengine wakivaa miwani, wengine lenzi za usiku. Macho ya kundi la miwani yalirefuka kwa wastani wa milimita 0.63, ya kundi la lenzi milimita 0.36. Yaani kasi ilipungua kwa asilimia 43. Haikusimama, ilipungua.

KADI NYEKUNDU IPO

Mzazi asikimbilie kununua kabla hajaambiwa upande wa pili. Jicho lililofungwa usiku na lenzi juu yake linapata oksijeni kidogo. Uchafu ukiingia, konea inaweza kushambuliwa, ikapata kidonda na kubaki na kovu linaloharibu uoni. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 ulikadiria visa takriban 14 kwa mwaka kwa kila watoto 10,000 wanaovaa lenzi hizi. Ni vichache, lakini kimoja kikimpata mwanao hutakumbuka hizo hesabu.

Kwa hiyo masharti ni makali. Mikono inaoshwa kwa sabuni na kukaushwa. Lenzi inasafishwa kwa dawa yake tu. Maji ya bomba, ya kisima, hata ya chupa, ni marufuku, maana yanaweza kubeba vijidudu vinavyotafuna konea. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiogopa mwanga, lenzi inavuliwa na mtoto anapelekwa kwa daktari siku hiyohiyo. Mtoto wa miaka minane hawezi kubeba jukumu hilo peke yake. Mzazi ndiye kipa wa kila usiku.

Gharama nazo ni kubwa kuliko za miwani, na kuna safari za kurudi kupimwa. Asiyeweza asikate tamaa. Sheria ya Nne ya soka inaruhusu miwani maalumu ya michezo. Annibale Frossi wa Italia alicheza Olimpiki ya Berlin mwaka 1936 akiwa na miwani ya kawaida, akafunga mabao saba, yakiwemo yote mawili ya fainali dhidi ya Austria, na kuondoka na dhahabu.

DAWA YA BURE

Kuna habari njema zaidi kwa watu wa mpira. Huko Guangzhou, China, shule 12 zilishirikishwa katika utafiti wa miaka mitatu. Nusu ziliongeza dakika 40 za watoto kuwa nje kila siku ya shule. Waliopata maiopia walikuwa asilimia 30.4, dhidi ya asilimia 39.5 kwenye shule nyingine. Mwanga wa nje unalinda jicho ambalo bado halijaharibika. Dogo anayechelewa kurudi nyumbani kwa sababu ya chandimu anafanya jambo la maana kuliko aliyejifungia na simu.

Kwa makocha wa vijana, kuna jaribio lisilohitaji hata senti. Siku ya kwanza ya mazoezi, msimamishe mchezaji upande mmoja wa uwanja, afunike jicho moja, asome namba ya jezi ya mwenzake aliye upande wa pili, kisha abadili jicho. Si kipimo cha daktari. Ila akishindwa kusoma namba ambayo wenzake wote wameisoma, kabla hujamkata kwenye kikosi, mwite mzazi wake mwambie ampeleke mtoto akapimwe macho.