Taa ya Mwovu: Huzimika au Itazimika?

Katika vitabu vya hekima vya Biblia, mwenye haki hufananishwa na nuru, naye mwovu hufananishwa na mwenye taa iliyo karibu kuzimika. Nuru ya mwenye haki, katika Mithali 4:18, ni ya alfajiri: huongezeka yenyewe mpaka jua liwe utosini, bila mafuta wala utambi. Taa ni kitu kingine. Ilikuwa chombo kidogo cha udongo chenye mafuta ya zeituni, na kuzimika kwake kulikuwa ishara ya nyumba iliyokwisha. Ndiyo maana Bildadi, katika Ayubu 18, huanza na taa ya mwovu na kufikia mtu asiyeacha mtoto wala mjukuu. Msikilizaji wa Lubumbashi hana budi kuelezwa jambo hilo, kwani kwake taa huzimika umeme ukikatika, na umeme haubagui mwema na mbaya.

Neno la Kiebrania kwa taa ni ner. Laonekana kuwa la shina moja na nūr ya Kiarabu, iliyotupatia nuru. Hivyo Kiswahili kimechukua ndugu wa ner kwa maana ya mwangaza, kisha kikaiita ner yenyewe taa.

Lakini ugumu mkubwa wa mfasiri umo katika kitenzi. Umbo la Kiebrania lililotumika laweza kueleza jambo la kawaida au jambo lijalo. Kiswahili sanifu hulazimika kuchagua: huzimika ni ushuhuda wa yale yaliyozoeleka, itazimika ni ahadi.

Uchaguzi huo si mdogo. Maneno matatu ya Mithali 13:9 na 24:20 kuhusu taa ya waovu yarudi yaleyale katika Ayubu 21:17, ila Ayubu ayatangulizia swali: ni mara ngapi? Ameona waovu wakizeeka katika mali, ng'ombe wao wakizaa, watoto wao wakicheza ngoma. Anadai hesabu. Mithali ikifasiriwa kwa -ta-, swali lake hukosa shabaha, maana aliyeahidi kesho hawezi kushindwa kwa hesabu ya jana. Ikifasiriwa kwa hu-, Ayubu na Mithali hukutana uso kwa uso. Kwa hiyo hu- yafaa zaidi katika 13:9. Katika 24:20, ambapo mwisho wa mwovu watajwa waziwazi, -ta- ina utetezi wake, ingawa hudhoofisha mwangwi huo.

Huko Katuba au Kamalondo, hata hivyo, hu- husikika zaidi shuleni na kanisani kuliko barabarani. Mazoea huelezwa kwa kiambishi -ak-: inazimaka, kama vile wengi wa bara la Tanzania wasemavyo inazimaga. Matokeo yake ni kwamba hu- ya Maandiko huweza kupokewa kama pambo la heshima tu, bila kusikika kuwa ni dai linaloweza kupimwa. Mhubiri afafanuaye Mithali kwa inazimaka humrudishia Ayubu nafasi ya kuuliza: inazimaka mara ngapi? Aliyewahi kusindikiza jeneza la dhalimu aliyezikwa kwa fahari, kama yule wa Ayubu 21:32, hatahitaji kufafanuliwa swali hilo.