Presha Haipimwi kwa Kujisikia

Wakazi wengi huamini kwamba mwenye shinikizo la juu la damu lazima aumwe kichwa, aone kizunguzungu au moyo umwende mbio. Imani hiyo ndiyo inayowachelewesha. Walio wengi hawahisi chochote kwa miaka, na baadhi hugundulika siku wanapofikishwa hospitali wakiwa wamepooza upande mmoja, huku ndugu wakibishana iwapo mgonjwa amerogwa.

Kipimo huandikwa kwa namba mbili. Ya juu ni mgandamizo wa damu katika mishipa moyo unaposukuma. Ya chini ni mgandamizo uliopo moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Ikiwa ya juu imefika 140, au ya chini 90, kwa kawaida mhudumu atakutaka urudi siku nyingine upimwe tena. Aliyetembea kwa haraka kutoka stendi, aliyetoka kunywa kahawa, hata aliyebanwa na mkojo, anaweza kupata namba isiyo yake. Kwa hiyo kaa utulie dakika 5, egemeza mgongo, miguu ikanyage sakafu, mkono uwe usawa wa moyo, wala usizungumze mkanda unapojazwa upepo.

Kwa wengi hapana chanzo kimoja. Umri, urithi, unene, pombe, tumbaku na kutoushughulisha mwili huchangia, pamoja na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo katika ng'onda na viungo vya paketi.

Shinikizo lisipodhibitiwa huuchosha moyo, huharibu figo na macho, na huziba au kupasua mishipa ya ubongo. Kwa mjamzito linaweza kuwa dalili ya hatari ya kifafa cha mimba. Ndiyo sababu hupimwa kila anapohudhuria kliniki.

Linalosikitisha zaidi ni wagonjwa wanaoacha vidonge namba zikishuka, wakidhani wamepona. Dawa ndiyo iliyozishusha. Ikikuletea kikohozi au uvimbe wa miguu, rudi kwa mhudumu akubadilishie. Usiazime vidonge vya jirani. Mwenye miaka 40 na kuendelea apimwe walau mara moja kwa mwaka katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, aje na karatasi ya vipimo vyake vya awali.