Kuunganisha Mashine za Siriali na Mtandao wa Etheneti

Mizani ya malori, mita za umeme, vidhibiti vya pampu na mashine nyingi za viwandani hutuma taarifa kwa njia ya siriali, yaani biti moja baada ya nyingine kwenye waya. Kiwango cha RS-232, kilichotolewa Marekani mwaka 1960, huunganisha vifaa viwili tu, na kwa kawaida waya wake hauzidi mita 15. Kiwango cha RS-485, cha mwaka 1983, hufika mita 1,200 na hubeba vifaa 32 vya kawaida kwenye laini moja. Hata hivyo, anayetaka kusoma mashine hizo hulazimika kuwa na kompyuta iliyochomekwa kwenye laini hiyo hiyo.

Etheneti, iliyobuniwa katika maabara ya Xerox huko California mwaka 1973, huondoa kikwazo hicho. Kiungo ni kigeuzi: kisanduku kidogo chenye poti ya siriali upande mmoja na ya etheneti upande wa pili. Kigeuzi hupokea herufi kutoka kwenye mashine, huzikusanya katika pakiti, kisha huzipeleka kwenye anwani ya IP ya kompyuta. Huko, programu ndogo huunda poti ya siriali isiyo na tundu wala waya, na programu ya zamani ya kusoma mizani huendelea na kazi bila kubadilishwa.

Kazi huanza na mipangilio. Kasi, idadi ya biti za data, biti ya ukaguzi na biti ya kufunga lazima zilingane kwenye mashine na kigeuzi. Mashine ikituma biti 9,600 kwa sekunde na kigeuzi kikasoma kwa 19,200, herufi hutoka zikiwa zimevurugika. Kisha kigeuzi hupewa anwani ya IP isiyobadilika, ili kompyuta ikipate tena hata baada ya umeme kukatika na kurudi.

Linalofuata ni muda. Itifaki ya Modbus, iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979, hutambua mwisho wa ujumbe wa siriali kwa kimya cha muda wa herufi tatu na nusu. Mtandao ukiugawa ujumbe mmoja katika pakiti zinazofika kwa kuachana, mpokeaji huuona kama vipande viwili vibovu na kuvitupa. Dawa ni kigeuzi kinachoielewa Modbus yenyewe: husubiri ujumbe ukamilike, kisha huupeleka kwa muundo wa Modbus TCP.

Zito kuliko yote ni usalama, kwa kuwa itifaki nyingi za siriali haziulizi nenosiri. Desemba 23, 2015, wavamizi walioingia katika mitandao ya kampuni za umeme za Ukraine walikata umeme na kuharibu programu ya ndani ya vigeuzi vya aina hii. Vituo vya umeme havikuweza tena kuongozwa kutoka mbali, na mafundi walilazimika kwenda kurudisha umeme kwa mikono. Kwa hiyo kigeuzi hakiachwi wazi kwenye intaneti. Nenosiri la kiwandani hubadilishwa kabla ya kazi kuanza, kifaa hutengwa na kompyuta za ofisi, na anayeingia kutoka nje hupitia VPN.