Mhariri Hanunui Mada

Barua nyingi za waandishi wa kujitegemea hukwama kwenye mstari wa kwanza: "Naomba nafasi ya kuandika kuhusu kilimo cha mwani Zanzibar." Jambo lenyewe ni zuri, lakini mhariri hajapewa sababu hata moja ya kujibu. Mwani umelimwa kibiashara visiwani tangu mwaka 1989 na umeandikwa mara nyingi. Anachotaka kujua ni wewe umeona nini ambacho wengine hawajakiona.

Sasa soma hili: "Mwani aina ya kotonii una bei kubwa kuliko spinosamu, lakini hufa maji ya ufukweni yanapopata joto. Wakulima wawili wa Paje wamenieleza jinsi walivyouacha. Nataka kuonyesha kwa nini kilimo cha kwenye kina kirefu, ambacho kingeuokoa, ni kigumu kwa wanawake wasio na vyombo na wasiojua kuogelea. Maneno 1,200, pamoja na picha, ndani ya wiki mbili." Hapo mhariri ameshaiona makala kabla haijaandikwa. Ameona pia kwamba umefika Paje na kuzungumza na watu, na hilo lina uzito kuliko cheti chochote utakachoambatanisha.

Pendekezo la namna hiyo haliandikwi kabla ya kulisoma gazeti lenyewe kwa wiki kadhaa. Mwananchi la Dar es Salaam na Taifa Leo la Nairobi yote ni ya Kiswahili, ila wasomaji wake wanaishi chini ya serikali mbili na sarafu mbili. Pendekezo moja lililotumwa kote bila kubadilishwa hujulikana mara moja. Usiishie kwenye magazeti pia: mashirika ya afya, wachapishaji wa vitabu vya shule na kampuni za tafsiri huhitaji kalamu ya Kiswahili, na mara nyingi hawatangazi. Waandikie wewe kwanza.

Kuna kazi ambayo sitamshauri kijana yeyote aifanye, hata kama wengi Kenya wameifanya kwa sababu inalipa: kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo. Tangu mwaka 2022, kutoa au kutangaza huduma hiyo kwa malipo ni kosa la jinai huko England. Lakini hata sheria ikiwekwa kando, kazi hiyo haitabeba jina lako kamwe. Utaandika miaka mitano na usiwe na ukurasa mmoja wa kumwonyesha mhariri.

Jambo linaloumiza waandishi kimyakimya ni hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Maana yake ni kwamba ukinyamaza, umeuza. Ukitaka baadaye kuiweka makala hiyo kwenye kitabu chako, huenda ukalazimika kuomba ruhusa ya kutumia maneno uliyoyaandika mwenyewe.

Kwa hiyo, pendekezo likikubaliwa, zuia furaha kidogo. Jibu siku hiyohiyo kwa baruapepe, uulize kiasi cha malipo, kama yanatolewa makala ikipokelewa au ikichapishwa, na haki zipi zinabaki kwako. Anayekudai ada ya usajili ili akupe kazi, usimjibu. Anayekataa kuyaandika masharti yake, usimwandikie.